Jina la Alfajiri

Siku ya mnada Karatu haina adabu. Vumbi lake jekundu linakuingia puani, masikioni na kwenye kikombe cha chai, na ukivaa nguo nyeupe siku hiyo umejitakia mwenyewe. Mwaka ule wa themanini na moja sukari ilikuwa ya foleni na sabuni ya kubembeleza, kwa hiyo watu walikuwa hawafui ovyo. Mji mzima ulikuwa na rangi moja, kuanzia matairi ya malori mpaka kope za wazee.

Kando ya lori la Bedford alikuwa amesimama Hhando, kijana wa Kiiraqw, wale ambao majirani huwaita Wambulu, dereva wa baba yake mdogo na mchuuzi wa vitunguu vya Baray. Alikuwa amevaa suruali ya bugaluu ambayo Arusha walishaichoka zamani, lakini Karatu bado ilikuwa inatamba. Na alikuwa na sauti. Jamani, kijana yule alikuwa na sauti. Akinadi vitunguu vyake, padri kanisani alikuwa anangoja amalize ndipo aendelee na misa. Ninaisema hii sauti mapema kwa sababu ndiyo itakayomponza.

Basi fahali mmoja akakata kamba. Watu wakatawanyika kila upande, mama mmoja akaacha kikapu, muuza kahawa akaacha birika. Hhando naye, mwanamume mzima, akaruka juu ya lori na kuwaacha wateja wake chini. Katikati ya uwanja akabaki msichana mmoja tu. Hakukimbia. Alitoa mluzi mfupi wa chini chini, akainua mkono, na fahali alipomkaribia akamgonga puani kwa mkoba wake. Fahali akasimama, akapumua kwa nguvu, akageuka akaenda zake kutafuta majani kama vile hakuwa na nia mbaya na mtu.

Msichana akakung'uta mkoba, akainua macho juu ya lori.

"Kaka," akasema, "ng'ombe ameshaondoka. Unaweza kushuka."

Mnada wote ukacheka. Hhando akashuka huku masikio yanamuwaka moto. Alipofika chini akamtazama vizuri: gauni la tetroni la kijani lililobana kiunoni, raba nyeupe zilizokuwa zimeshashindwa na vumbi, na masikio yaliyotobolewa Kimasai yakining'iniza shanga za buluu. Shingo ndefu. Macho ya mtu asiyekuwa na haraka ya kumwogopa yeyote.

"Dada, wewe ni nani unayempiga fahali kwa mkoba?"

"Naeku."

Hhando akalirudia jina lile polepole kama anayeonja mchuzi. Akauliza maana yake ni nini.

"Wewe unauza vitunguu au unauza maswali?"

Lakini alimwambia. Jina la Kimasai, alisema, la msichana aliyezaliwa alfajiri. Mama yake alihangaika usiku kucha, na yeye akatokeza saa ileile wanaume walipokuwa wanaondoa miiba langoni ili ng'ombe watoke. Baba yake, mzee Koinet, alikuwa ameshika tawi la miiba mkononi aliposikia kilio cha mtoto. Likamchoma, na badala ya kulia akacheka.

"Ndiyo maana huwaogopi ng'ombe," Hhando akasema. "Mlitoka pamoja."

Naeku hakutaka kucheka, lakini alicheka. Akaondoka na fungu la vitunguu ambalo hakulilipia, na Hhando siku nzima hakumbuki aliuza nini wala kwa nani.

* * *

Kumbe Naeku alikuwa anafanya kazi kwenye hoteli moja juu kule ukingoni mwa kreta, upande wa mapokezi, na simu ya hoteli ilikuwa mikononi mwake. Na Hhando alikuwa akipeleka vitunguu kwenye hoteli hiyohiyo kupitia mlango wa nyuma wa jikoni, bila kujua mbele kuna nini. Alipogundua, biashara ya vitunguu ikaanza kuhitaji simu nyingi sana.

Simu Karatu ilikuwa posta, ile ya kuzungusha mkono, na mwenye posta alikuwa Marsela, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba na masikio yasiyo na likizo. Hupigi simu kwa Marsela bila Marsela kuwemo. Alikuwa anaunganisha laini, anasema "endelea," halafu hasikiki akiweka mkono wa simu chini.

"Naeku," Hhando alikuwa akianza, kwa sauti ambayo wala haikuhitaji waya kufika Ngorongoro. "Naeku, umeamkaje, Naeku?"

Naeku alikuwa anamwambia hapo ni kazini, wageni wanamtazama, aseme idadi ya magunia akate simu. Hhando alikuwa anasema magunia, kisha anasema Naeku tena. Alilipenda jina lile kama mtoto aliyepewa koti jipya, anataka alivae hata kulala. Akiwa njiani Baray alilisema peke yake kwenye usukani. Utingo wake akidhani anaitwa, anaitika.

"Hhando," msichana akamwambia siku moja, "kwetu jina la mtu halitajwi ovyo hivyo. Wewe unalipiga kelele kama bei ya vitunguu."

"Sasa nilifanyeje, mpenzi? Nilinong'one? Ni jina zuri."

"Lihifadhi kidogo."

Hakusikia. Ukitaka kujua tabia ya Hhando yote, ndiyo hiyo: aliambiwa kitu cha maana, yeye akasikia tu kwamba ameitwa kwa jina lake na sauti ilikuwa tamu.

Wakapendana. Siku za mapumziko Naeku alikuwa anateremka Karatu na lori lolote, wanakula wali na maharage hotelini kwa Wapare, wanatembea mpaka kwenye mashamba ya ngano. Alikuwa anamfundisha kusalimia wazee wa Kimasai: uinamishe kichwa, ungoje mkono wa mzee ukushike utosini, usiseme neno kabla ya mkono. Hhando alikuwa anainamisha kichwa, Naeku anachelewesha mkono makusudi mpaka shingo imuume, kisha anampiga kikofi chepesi. Wakacheka mpaka watu wa shambani wakasimama kuwatazama.

Lakini utulivu haukuwepo. Naeku alikuwa na jambo. Kulikuwa na mtu wa Loliondo, Tobiko, mwenye ng'ombe wasiohesabika kwa jicho, na watu wake walikuwa wameanza kupita pita kwa mzee Koinet huko Piyaya. Baba yake hakuwa amekubali wala kukataa. Mtamba wa kwanza wa mahari ya Tobiko akishaingia ndani ya boma, neno limekwisha, hata malaika hawezi kulirudisha.

"Njoo na wazee wako kabla ya masika," akamwambia Hhando. "Baba anasikiliza. Ila asikilize mtu aliyefika, si mtu anayekuja."

Hhando akaapa. Akaenda kwa baba yake mdogo, mzee Josephati, mwenye lori, mtu wa maneno machache na tumbaku nyingi. Mzee akaguna. Wamasai na Wairaqw, akasema, wameibiana ng'ombe tangu babu zake, si vibaya safari hii waibe kwa adabu. Akaagiza asali ya kupeleka posa.

* * *

Siku waliyopanga kukutana ili waseme tarehe, Bedford likakatika shafti bondeni huko Baray. Hhando akashinda chini ya gari amelowa oili na hasira. Naeku akashinda kando ya barabara Karatu, mahali wanapokutana siku zote, tangu asubuhi. Kila lori lililopita lilimwachia vumbi lake, naye alikuwa akinyanyuka kila mara, akiona silo, anakaa tena. Adhuhuri ikapita. Mchana ukalala upande.

Aliyemkuta pale si Hhando. Ni mzee mmoja wa kwao aliyekuja mnadani kuuza mbuzi. Akamwambia maneno machache, kama ilivyo desturi: nyumbani kumeharibika, njoo. Hakumwambia nani. Naeku hakuuliza, maana huko kwao habari hiyo haiulizwi barabarani.

Akakimbilia posta. Marsela alisema baadaye kwamba msichana alikuwa amebadilika rangi na hakuwa na machozi, na hilo ndilo lililomtisha. Ujumbe ulikuwa huu: nimeitwa msibani, aje Piyaya kwenye boma la mzee Koinet, asingoje masika yazibe njia. Kisha akarukia lori la mahindi lililokuwa linapanda juu, akaenda.

Hhando aliporudi akapewa ujumbe na matusi juu yake. Marsela alimwambia amwogope Mungu, binti wa watu amemngoja barabarani kutwa nzima. Bedford likawa bado limelala. Wakabahatisha Land Rover ya watu wa mifugo iliyokuwa inaelekea huko kuchanja, wakakaa nyuma pamoja na dawa, mzee Josephati amekumbatia dumu la asali kama mtoto mchanga.

Njia nzima mzee alimpa maagizo. Tukifika, tunasalimu. Tunakaa. Tunauliza habari za mvua na malisho. Hatumtaji msichana leo, pengine hata kesho. Nyumba hiyo ina msiba, tunaingia na pole kwanza. Hhando akawa anasema ndiyo baba, ndiyo baba, macho yako mbele kwenye uwanda uliokauka, miguu haitulii, magoti yanagonga makopo ya dawa. Kichwani mwake kulikuwa na mtu mmoja tu na jina moja tu.

Boma la Piyaya lilikuwa kimya. Wanawake walikuwa wamekaa kivulini, vichwa vyao vimenyolewa vinang'aa jua la mchana. Mtu mwenye akili angetazama vichwa vile akafunga mdomo. Hhando alishuka kabla gari halijasimama sawasawa, akamwacha mzee Josephati anahangaika na dumu lake, akasimama langoni na akatoa ile sauti ya mnadani.

"Naeku! Jamani, namtafuta Naeku. Naeku wa hapa kwa mzee Koinet."

Mama mmoja akainamisha uso mpaka kwenye magoti. Mtoto mdogo, wa miaka kama mitatu, akaanza kulia, akakimbia kuelekea langoni huku anatazama huku na huku, na msichana mmoja akamdaka akamkumbatia kwa nguvu.

Hhando akadhani hawajasikia. Akaita tena, kwa nguvu zaidi. Akaongeza na maelezo, maskini, eti yule aliyezaliwa alfajiri.

Mzee akatoka ndani ya nyumba, shuka limemteleza begani. Huyo ndiye Koinet. Akamtazama Hhando kwa muda, kisha akatazama nyuma yake kama kuna mtu mwingine amefuatana naye. Hakukuwa na mtu.

"Hapa hakuna mtu huyo," akasema. "Mbulu, ondoka kwangu."

"Mzee, Naeku ni—"

Morani mmoja akainua rungu. Mzee Josephati, ambaye hajawahi kukimbia tangu enzi za mkoloni, alikimbia siku hiyo, akamshika kijana wake ukosi wa shati akamvuta mpaka kwenye gari. Asali ikabaki pale pale langoni na hakuna aliyeigusa. Gari lilipokuwa linageuza, Hhando alimsikia mama mmoja akiita kwa sauti kali kuelekea bondeni, "Nanyokie! Nanyokie!" Akaona huko mbali msichana mwenye kichwa kilichonyolewa, shuka jekundu, anasukuma punda wa maji, naye akasimama kama alivyoambiwa. Hhando hakumtazama mara ya pili. Yeye alikuwa anamtafuta mwenye nywele na gauni la kijani.

* * *

Masika yakanyesha. Hhando akawa mtu wa kujikwaa kwenye kizingiti cha kwao. Akaacha kunadi, vitunguu vikauzwa na utingo. Aliyoyaamini ni haya: Naeku amekwisha kuolewa Loliondo, na watu wake wameambiwa wakifika Wambulu wajibu hayupo. Au mbaya zaidi, alikuwemo ndani ya nyumba anasikiliza. Akilala analiona lile boma, akiamka analisikia lile neno, hapa hakuna mtu huyo. Akaanza kusema atahamia Babati akaendeshe trekta.

Na huko Piyaya? Naeku alimngoja. Kila siku akipanda kutoka kisimani alikuwa anatazama uwandani kutafuta vumbi la Bedford. Alisikia kwamba kuna Mbulu mmoja alikuja na gari la mifugo akamtukana baba yake, akafukuzwa. Hakuna aliyemweleza tusi lenyewe, maana kulieleza ni kulirudia. Naye akamlaani huyo Mbulu pamoja na wengine, kwa kuwa tangu siku ile baba yake alikuwa hali chakula vizuri.

Njia zilipoanza kupitika akarudi kazini. Baba alimruhusu mpaka kiangazi, watu wa Tobiko watakapokuja kutaka jibu lao. Siku ya kwanza tu akazungusha simu.

Marsela akamtuma mtu mbio. Hhando akafika posta na tope mpaka magotini, akashika simu kwa mikono miwili.

"Naeku?"

Ikaja sauti yake, ndogo kuliko alivyoizoea. "Usiniite hivyo tena, Hhando."

Hhando akakata. Alikata bila kungoja neno la pili, akatoka nje, akapita katikati ya madimbwi kama hayaoni. Marsela akabaki na laini sikioni anamsikia binti wa watu akisema haloo, haloo, kisha akilia.

Tangu hapo Hhando aliitwa posta mara nyingi na hakwenda. Naeku naye ana damu, akaacha kupiga. Mtu hawezi kumngoja mtu barabarani, akamngoja Piyaya, akamngoja na kwenye simu.

Aliyechoka kwanza ni Marsela. Siku Hhando alipokwenda posta kuagiza shafti Arusha, mama yule akamwonyesha kiti, akazungusha mkono, akasema Arusha hiyo, ongea.

"Haloo, Arusha?"

"Hapa si Arusha."

Hhando akataka kuweka simu chini. Marsela akamwingilia kwenye laini, bila aibu kabisa, akamwambia akikata simu hiyo, vitunguu vyake vitaoza kabla hajapata laini nyingine katika posta yake. Hhando akakaa.

"Nilitaka kujua jambo moja tu," Naeku akasema. "Kwa nini hukuja? Niambie ukweli, nitakwenda zangu."

"Mimi sikuja? Nilikuja na baba mdogo, na asali. Nilisimama langoni kwenu nikakuita kwa jina lako mbele ya watu wote. Baba yako akatoka akasema hakuna mtu huyo. Wakaniinulia rungu. Sasa niambie wewe, aliyepanga ni nani kati yenu?"

Waya ukavuma. Marsela anasema alidhani laini imekatika.

"Hhando," msichana akasema mwishowe. "Yule Mbulu wa gari la mifugo ni wewe?"

"Ni mimi."

"Uliniita kwa jina gani?"

"Una jina gani jingine? Na—"

"Usiliseme." Alikuwa analia waziwazi sasa. "Nilimlaani yule mtu. Nilimlaani kila siku nikichota maji, kumbe nakulaani wewe."

Akamweleza. Baba yake alikuwa na mke mdogo, aliyemwoa alipokuwa ameshazeeka, na alimpenda mpaka wazee wenzake wakawa wanamtania. Na yeye huyo mama alizaliwa alfajiri, huko kwao, akaitwa jina lilelile. Nyumba ikawa na wawili, mkubwa na mdogo, wakiitwa wanaitika pamoja, watoto wanacheka. Ndiye aliyekufa, kwa uzazi, siku ile ya barabarani. Alimwacha mtoto wake wa kwanza, ndiye yule Hhando aliyemwona akikimbilia langoni. Na kwa Wamasai wa kwao, mtu akishaondoka, jina lake linaondoka naye. Halitamkwi tena katika boma lile. Aliyebaki nalo hai anapewa jingine siku hiyohiyo.

"Kwa hiyo ulisimama langoni kwa baba yangu," akasema, "ukamwita mke wake."

Hhando aliweka paji la uso kwenye ukuta wa posta. Kila mara aliyoita ilimrudia. Mama aliyeinamisha uso. Mtoto. Mzee aliyetazama nyuma yake.

"Sasa unaitwa nani?" akauliza.

Akamwambia. Akamwambia pia kwamba watu wa Tobiko wako njiani na mtamba, na baba ameapa yule Mbulu asikanyage tena Piyaya.

"Nakuja," Hhando akasema.

"Atakufukuza."

"Anifukuze nikiwa nimefika."

* * *

Safari hii Bedford, lililokwisha kupata shafti, liliachwa mbali, kwenye makorongo, ili lisipige kelele. Wakatembea, mzee Josephati mbele, Hhando nyuma anamvuta mtamba mweupe ambaye mama yake mzazi, Hyasinta, alimtoa zizini mwake baada ya kusikia habari yote na kulia. Mkononi ameshika fungu la majani mabichi, kama Naeku alivyomwagiza, maana Mmasai hampigi mtu aliyeshika majani.

Koinet alikuwa amekaa langoni kwenye kigoda. Aliwaona wakija toka mbali na hakunyanyuka. Morani wakakaribia, wakaona majani, wakasimama. Naeku alikuwa amefika tangu jana yake, amekaa kando na mama yake, nywele zimeanza kuota.

Hhando akaenda mpaka mbele ya mzee, akainamisha kichwa. Akangoja mkono. Mkono haukuja. Shingo ikaanza kumuuma, na hakuna aliyekuwa anatania.

Mzee Josephati akasema neno lake kwa kifupi: kijana huyu alikosa kwa kutojua, na aliyekosa kwa kutojua naye amekosa, ndiyo sababu tumerudi.

"Siku ile ulipoita," Koinet akasema, kwa Kiswahili cha polepole, "nilikuwa nimelala ndani. Niliamka upesi kama kijana." Akalivuta shuka lake begani. "Nilidhani ataitika."

Machozi ya Hhando yakadondoka kwenye vumbi, kichwa bado kimeinama.

"Mzee, kwetu aliyekufa tunamtaja. Tunamtaja kanisani, tunamtaja kwenye pombe, ili asipotee. Sikujua kama kwenu inauma hivi."

"Na ninyi mkimtaja, anarudi?"

"Hapana, mzee. Harudi."

Koinet akavuta pumzi ndefu. "Basi hakuna mwenye dawa," akasema, na mkono wake, mzito na mkavu, ukashuka utosini kwa Hhando. Ukakaa pale muda mrefu.

Kisha akaondoa mkono. "Ulikuja hapa kumtafuta mtu. Hukumpata. Leo umekuja kumtafuta nani?"

Yule mama aliyeinamisha uso siku ile alimkumbatia mtoto akamziba masikio. Hhando, mtu wa sauti ya kumsimamisha padri, akajibu kwa sauti ambayo mzee ilimbidi ainame kuisikia.

"Nanyokie," akasema. "Namtafuta Nanyokie, mzee."

Mama akaondoa mikono masikioni mwa mtoto.

Koinet akamtazama binti yake, na binti hakuangusha macho. Mzee akasema, kama anaongea na majani yale, kwamba watu wa Loliondo walikuja mara mbili kipindi cha msiba wakamwelezea ng'ombe, rangi zao na pembe zao, na hakuna aliyemuuliza analala vipi. Mtamba wao hajaingia. Akaelekeza kidole kwa yule mweupe.

"Huyo anakunywa maji ya wapi?" akauliza. "Mpelekeni anywe na wa kwangu."

Jamani, mzee Josephati alikaa chini pale pale kwenye samadi, akatoa tumbaku yake.

Jioni Hhando na Nanyokie wakaruhusiwa kwenda pamoja mpaka kisimani na punda wa maji, watoto wakifuata nyuma kuhakikisha. Hhando alitembea kimya. Nanyokie akamuuliza kama sauti imebaki Karatu. Akasema anajifunza. Akasema hata Karatu, hata wakiwa wawili tu ndani ya nyumba yao, lile jina la kwanza hatalitaja, maana asingeweza kulisema tena bila kumwona mzee akitazama nyuma.

"Ila hili la pili hukuniambia maana yake," akasema.

"Wewe unauza vitunguu au unauza maswali?"

"Nauza vyote."

Nanyokie akacheka, kwa mara ya kwanza tangu masika. Kisha akasimama.

"Maana yake ni mwekundu," akasema. "Siku ile nilipofika msibani, wanawake walitoka kunipokea wakasema hatuwezi kumwita tena jina lake, tumwite nani? Wakanitazama. Nilikuwa mwekundu toka nywele mpaka vidole vya miguu. Hawakunitambua mpaka waliponiosha."

Hhando hakuelewa bado.

"Lilikuwa vumbi la Karatu," akamwambia. "La kando ya barabara. La kukungoja wewe."

Punda walikuwa wameshatangulia kufika majini. Hhando akamshika mkono mbele ya wale watoto wote, na kwa muda hakuweza kusema neno lolote, yeye Hhando.